Somo la Ufundi: Injini ya Boti Inanguruma Lakini Boti Haisongi

Namna ya kutafuta chanzo cha propela kuteleza kabla ya kununua, kutengeneza au kusafirisha injini kuukuu

Nairobi haina ziwa la uvuvi, lakini ina wenye boti wengi. Katika Kangemi, Kawangware, Waithaka, Kibera na Dagoretti wako wakazi ambao wana mashua nyumbani, Port Victoria, Usenge, Mbita au Naivasha, na wengine wana jamaa wanaovusha abiria Lamu. Mashua iko huko. Pesa ya kuitunza hutafutwa hapa jijini. Injini kuukuu hununuliwa hapa, vipuri husakwa hapa, kisha mzigo hupakiwa kwenye basi la kwenda magharibi kupitia Waiyaki Way. Aidha, mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalitukumbusha kwamba hata mbali na ziwa boti huhitajika, kwani waokoaji walitumia boti kuwafikia watu waliozingirwa na maji.

Malalamiko ya kawaida juu ya injini kuukuu ni haya: muuzaji aliiwasha ndani ya pipa la maji, ikanguruma vizuri, moshi ukawa mdogo, mnunuzi akalipa. Ilipofika ziwani na kubeba watu wanane na nyavu, ikanguruma vilevile, lakini mashua ikawa inatambaa. Hitilafu hii huitwa kuteleza kwa propela. Ni hasara kwa mfuko, na pia ni hatari kwa maisha. Mashua inayopoteza nguvu katikati ya ziwa wakati upepo unaanza huelekezwa na mawimbi, si na nahodha.

Ukimaliza somo hili utaweza: (a) kutofautisha kuteleza kwa kawaida na kuteleza kwa hitilafu, (b) kupima kiasi cha kuteleza kwa hesabu rahisi, (c) kutambua ni sehemu ipi imeharibika, na (d) kuijaribu propela hapa Nairobi, mahali pasipo na ziwa, kabla ya kulipa pesa.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kugusa propela, zima injini, ondoa kamba ya kuzimia, na chomoa waya za plagi zote. Kuzungusha propela kwa mkono wakati gia imeingia huzungusha injini pia, na injini yenye plagi inaweza kuwaka ghafla ikakukata vidole. Usiwashe injini ndani ya chumba au duka lililofungwa, kwa maana moshi wake huua. Usiiwashe bila maji, hata kwa dakika moja, kwa kuwa pampu ya kupoza ina mapezi ya mpira yanayoungua upesi yakikauka. Ukiiwasha ndani ya pipa, maji yafunike matundu ya kuvutia maji, na usiiongezee kasi gia ikiwa imeingia.

PROPELA HUFANYAJE KAZI?

Propela, ambayo mabaharia wa Pwani pia huiita rafadha, hufanya kazi kama skrubu kwenye mbao. Ukizungusha skrubu mara moja, huingia ndani kwa umbali fulani. Propela nayo imepindwa ili mzunguko mmoja uisogeze mbele kwa umbali fulani. Umbali huo tutauita hatua ya propela. Tazama namba zilizochorwa kwenye propela: kwa kawaida namba ya kwanza ni kipenyo na ya pili ni hatua, zote kwa inchi. Propela ya hatua 11 ingesonga mbele inchi 11 kwa kila mzunguko kama maji yangekuwa magumu kama mbao.

Maji si mbao. Maji hukubali kusukumwa nyuma, kwa hiyo propela yoyote huteleza kidogo. Hiyo si hitilafu, na bila kusukuma maji nyuma boti haiwezi kwenda mbele. Boti nyepesi inayopaa juu ya maji huteleza takriban asilimia 10 hadi 20. Mashua nzito ya mbao yenye mzigo huteleza zaidi, asilimia 30 au hata kupita. Ukirudi nyuma, kuteleza huongezeka, hasa kwa injini zinazotoa moshi kupitia katikati ya propela, kwa sababu mapezi hukutana na moshi wake yenyewe. Hilo nalo ni la kawaida.

HESABU YA KUTELEZA

Unahitaji vitu vinne: mizunguko ya injini kwa dakika, uwiano wa gia (umeandikwa kwenye kitabu cha injini), hatua ya propela, na kasi halisi ya boti. Kasi utaipata kwa programu yoyote ya simu inayotumia setilaiti. Mizunguko hupimwa kwa takometa ndogo inayozungushiwa waya wa plagi.

Tuchukue mfano. Injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Uwiano wa gia ni 2, yaani injini huzunguka mara mbili kila propela inapozunguka mara moja. Hatua ya propela ni inchi 11, ambazo ni takriban sentimita 28.

Propela inazunguka 5,000 ÷ 2 = mara 2,500 kwa dakika.
Kwa saa moja ni 2,500 × 60 = mara 150,000.
Umbali bila kuteleza ni 150,000 × mita 0.28 = mita 42,000, yaani kilomita 42 kwa saa.

Simu ikionyesha kilomita 33 kwa saa, zimepotea kilomita 9. Gawanya 9 kwa 42: kuteleza ni asilimia 21. Hapo hakuna cha kutengeneza. Simu ikionyesha kilomita 12 kwa saa huku injini ikiwa kwenye mizunguko ileile, zimepotea kilomita 30, yaani asilimia 71. Hapo kuna kitu kimeachia.

Pima siku mbili tofauti, ukienda na upepo na ukirudi dhidi yake, kisha chukua wastani. Andika jibu kwenye daftari la boti. Namba ya boti yako yenyewe ilipokuwa nzima ndiyo kipimo bora kuliko namba ya kitabu chochote.

SWALI LA KWANZA: SAUTI INAPANDA AU INASHUKA?

Kabla ya kufungua nati yoyote, jiulize swali hili moja. Kasi ya boti inapopungua, mizunguko ya injini inapanda au inashuka?

Ikiwa mizunguko inapanda, injini ni nzima lakini nguvu yake haifiki majini. Hiyo ndiyo kuteleza. Endelea na somo hili.

Ikiwa mizunguko inashuka, propela imeshika maji vizuri ila injini imezidiwa. Chanzo kinaweza kuwa plagi chafu, kabureta iliyoziba, petroli iliyochanganyika na maji, mzigo mwingi, gugumaji lililojiviringisha, au propela yenye hatua kubwa kupita kiasi. Mwinuko wa mahali nao huchangia. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha iko juu zaidi, karibu mita 1,880. Injini iliyokuwa na nguvu Mombasa itafika Naivasha ikiwa imepungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake. Dawa yake ni propela ya hatua ndogo zaidi. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi kwa dakika.

Wengi hukosea hapa. Injini imezidiwa, wao wananunua gia mpya; au propela inateleza, wao wanasafisha kabureta. Sikiliza kwanza, ndipo ufungue mfuko.

VYANZO VITANO VYA KUTELEZA

1. Raba ya katikati ya propela imeachia. Kwa injini nyingi za kuanzia nguvu za farasi 8 hivi kwenda juu, propela haikushikana moja kwa moja na shafti. Katikati yake mna bomba dogo la chuma au shaba linaloingia kwenye meno ya shafti, na kati ya bomba hilo na mwili wa propela mna raba iliyosukumwa kwa nguvu nyingi. Kazi ya raba ni kuokoa gia: propela ikigonga jiwe, raba hukubali kuteleza badala ya meno ya gia kuvunjika. Baada ya miaka mingi raba hukauka, au hulegea kwa sababu ya kugonga mara kwa mara. Dalili yake ni kwamba boti huenda vizuri polepole, lakini ukiongeza mafuta sauti hupanda ghafla, laini, bila kugonga, na kasi haiongezeki. Ukipunguza mafuta, propela hushika tena.

2. Propela inavuta hewa. Mapezi yakivuta hewa kutoka juu ya maji, huzunguka katika povu badala ya maji. Juu ya propela kuna bamba la bapa la kuzuia hewa. Bamba hilo liwe sawa na sehemu ya chini kabisa ya boti, au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Likiwa juu zaidi, hewa itaingia. Dalili yake ni kwamba sauti hupanda wakati wa kukata kona, wimbi linapoinua nyuma ya mashua, au abiria wanapohamia mbele, na povu jingi huonekana nyuma. Jambo hili huwapata sana wanaonunua injini kwa mbali, kwani kuna injini za mguu mfupi za takriban sentimita 38 na za mguu mrefu za takriban sentimita 51. Injini ya mguu mfupi kwenye mashua yenye ubao mrefu wa nyuma itavuta hewa hata ikiwa mpya.

3. Mapezi yameharibika. Pezi lililopinda ukingoni, lililong'olewa kipande kwa jiwe, au lililosuguliwa na mchanga hadi likawa jembamba haliwezi kushika maji. Dalili yake ni mtikisiko unaosikika mkononi na kuteleza kwa kiasi kilekile kila wakati.

4. Meno ya gia yamelika. Ndani ya mguu wa injini kuna kipande chenye meno kinachounganisha gia ya mbele au ya nyuma. Meno yakiliwa hadi kuwa mviringo, gia huruka nje na kurudi. Dalili yake ni mgongo mkali wa chuma, ka-ka-ka, na boti kusukumwa kwa vishindo. Tofauti na raba ni hiyo: raba huteleza kimya, gia huteleza kwa kelele. Hata hivyo, angalia kwanza kama waya au fimbo ya gia imelegea, kwa sababu gia isiyoingia hadi mwisho hutoa kelele ileile.

5. Pini imekatika. Injini ndogo za zamani hazina raba. Zina pini moja inayopita kwenye shafti, ambayo hukatika propela inapogonga kitu. Dalili yake ni kwamba injini inanguruma na propela haisukumi kabisa, mbele wala nyuma. Weka pini ya kipimo na chuma kilichoagizwa na mtengenezaji. Usiweke msumari. Msumari mlaini utakatika tena ukiwa mbali na nchi kavu, na chuma kigumu hakitakatika kabisa, hivyo kitakachovunjika ni gia.

UCHUNGUZI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Tazama. Hesabu mapezi, pitisha kidole ukingoni, linganisha umbo la pezi moja na jingine. Soma namba za propela na uhakikishe si propela ya injini nyingine iliyolazimishwa.

Hatua ya 2. Pima mguu. Pima kutoka mahali injini inapokaa juu ya ubao hadi kwenye bamba la kuzuia hewa. Piga simu nyumbani wapime kimo cha ubao wa nyuma wa mashua. Vipimo viwili visipokaribiana, usinunue.

Hatua ya 3. Ingiza gia ya mbele, plagi zikiwa nje. Zungusha propela kwa mkono pande zote mbili. Kwa injini nyingi kuukuu, upande mmoja utasikia mlio wa kuruka meno. Hilo ni la kawaida. Upande wa pili lazima ushike na uzungushe injini. Usiposhika upande wowote, gia au pini ina tatizo. Rudia kwa gia ya nyuma.

Hatua ya 4. Toa propela. Nyoosha pini ya kufungia nati, fungua nati, vuta. Panga vipande vyote mezani kwa mpangilio wa kutoka kwake, pamoja na pete nene inayokaa mbele ya propela. Wengi huisahau, na bila hiyo propela husugua mguu wa injini. Kagua meno ya shafti.

Hatua ya 5. Tafuta uzi. Uzi wa nailoni wa nyavu hujiviringisha kwenye shafti nyuma ya propela, ukakata sili ya oili. Ukiona uzi, utoe wote kwa koleo.

Hatua ya 6. Angalia oili ya gia. Fungua skrubu ya chini kidogo, utoe matone machache kwenye kitambaa cheupe. Oili safi hupitisha mwanga. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, gia zinasagika. Injini yenye vipande hivyo ni ghali kuitengeneza kuliko inavyoonekana.

KUJARIBU RABA BILA ZIWA

Pipa la maji haliwezi kuonyesha raba iliyoachia, kwa sababu maji ndani ya pipa huzunguka pamoja na propela na hayaipi mzigo. Lakini mzigo unaweza kuwekwa kwa mtungi wa maji. Jaribio hili linahitaji watu wawili, ubao wa mita moja, kamba, mtungi na spana.

Kwanza, elewa kipimo. Injini ya nguvu za farasi 15 ikizunguka mara 5,000 hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 21. Gia ya uwiano wa 2 huizidisha hadi takriban 43 kwenye propela. Uzito wa kilo 10 ukining'inia sentimita 45 kutoka katikati hutoa karibu 44. Lita 10 za maji ni kilo 10. Basi mtungi wenye lita 10 unatosha kuiga nguvu ya injini nzima.

Sasa fanya hivi:

(a) Fungia injini imara kwenye stendi, ikiwa imesimama wima. Chomoa waya za plagi na utoe plagi zenyewe. Fungua kifuniko cha kamba ya kuwashia ili ufikie nati kubwa iliyo juu ya injini. Ingiza gia ya mbele.

(b) Kwa rangi au kalamu ya chuma, chora mstari mmoja ulionyooka nyuma ya propela, ukianzia kwenye bomba la katikati, ukivuka raba, hadi kwenye mwili wa propela.

(c) Funga ubao kwenye mapezi, katikati ya ubao ikilingana na katikati ya propela, ili pande mbili ziwe na uzito sawa.

(d) Mwenzako ashike nati ya juu kwa spana, akisukuma kuelekea upande wa saa, yaani upande wa kukaza, ili injini isizunguke.

(e) Ukiwa nyuma ya propela ukiitazama, ning'iniza mtungi upande wako wa kushoto, sentimita 45 kutoka katikati. Hivyo ndivyo maji yanavyoisukuma propela ya kawaida boti inapokwenda mbele. Kwa propela inayozunguka kinyume, ning'iniza kulia.

(f) Subiri dakika 5. Ubao ukishuka polepole huku nati ya juu imetulia, na mstari ukakatika mahali pa raba, raba imeachia. Mstari ukibaki umenyooka, ongeza lita 5 na usubiri tena.

Kwa injini ya farasi 40 yenye uwiano huohuo wa gia, tumia lita 20 kwa umbali wa sentimita 60, na spana ndefu zaidi. Simama pembeni, usiweke miguu chini ya mtungi.

Jaribio hili si dhamana kamili, kwa kuwa ziwani raba hupata moto na mishtuko ya mawimbi. Lakini raba iliyoshindwa na mtungi wa maji haitaweza ziwa. Mstari uliouchora uache hapo. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, utazame tena. Ukikatika, umepata jibu.

UKARABATI: LIPI LIFANYWE, LIPI LISIFANYWE

Raba iliyoachia hubadilishwa kwa mashine ya kusukumia yenye nguvu; haipigwi kwa nyundo. Muulize fundi kama ana raba ya kipimo cha propela yako hasa. Kwa propela ndogo ya alumini, linganisha bei ya raba pamoja na kazi dhidi ya bei ya propela nyingine, kwa sababu wakati mwingine tofauti ni ndogo.

Baadhi ya mafundi hutoboa propela na kupitisha boliti mbili au tatu kutoka kwenye mwili hadi kwenye bomba la katikati. Boti itasukumwa, ni kweli. Lakini kinga ya gia imeondolewa. Siku propela itakapogonga jiwe au kisiki, mshtuko wote utaingia kwenye gia. Ikibidi, iwe ni njia ya kufika nyumbani tu.

Pezi la alumini lililovunjika huchomelewa kwa gesi ya argoni, kisha husawazishwa ili mapezi yote yawe na uzito mmoja. Usikubali kuchomelewa kwa moto wa kawaida wa vyuma.

Sili na beringi nyingi zina vipimo vilivyoandikwa ubavuni. Chukua ya zamani uende nayo. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta. Gia na propela ni jambo jingine, kwani hizo lazima zilingane na chapa na mwaka. Kwa hiyo, kabla ya kununua injini, uliza kwanza vipuri vyake. Chapa nyingine hazitengenezwi tena. Kwa mfano, utengenezaji wa injini za Evinrude ulikomeshwa mwaka 2020.

IKITOKEA UKIWA MAJINI

Punguza mafuta hadi propela ishike. Raba iliyoachia mara nyingi husukuma boti kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo rudi nchi kavu iliyo karibu kwa mwendo huo, bila kuendelea na safari. Ikiwa ni gugumaji, zima injini kabla ya kuinua mguu na kulitoa. Gugumaji pia huziba matundu ya maji ya kupoza. Hamisha mzigo nyuma kidogo ikiwa propela inavuta hewa. Weka kasia, nanga na kamba ndani ya mashua kila safari, hata kama injini ni mpya. Jaketi okoaji livaliwe kabla ya kuondoka, si litolewe chini ya nyavu wakati wimbi limekwisha ingia. Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya (KMA) husimamia pia usalama wa vyombo vya maziwani. Hakikisha chombo chako kimekaguliwa.

KABLA YA KUPAKIA KWENYE BASI

Mwaga petroli yote kutoka kwenye tanki na kabureta, kisha acha injini ipate hewa. Petroli haipandi basi pamoja na abiria. Simamisha injini wima hadi maji yote yatoke mguuni. Ukiilaza, kichwa kisiwe chini kuliko mguu, maana maji yaliyobaki yanaweza kuingia ndani ya silinda. Funika propela kwa gunia.

Oili ya gia iliyotumika usiimwage mtaroni. Mitaro ya Kawangware, Kangemi na Lavington huishia katika vijito vinavyoingia Mto Nairobi, na maji hayo kuna watu wanayoyatumia mbele. Iweke kwenye chupa yenye kifuniko, uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

ZOEZI

Soma kila hali, amua chanzo, kisha linganisha na majibu.

1. Mashua ina watu wawili na inakwenda vizuri. Wakipanda wanane na nahodha akaongeza mafuta, sauti inapanda laini na kasi inabaki ileile. Ziwa limetulia.

2. Boti inakwenda vizuri ikinyooka. Ikikata kona, sauti inapanda na povu linatokea.

3. Injini iliyotoka Mombasa inafungwa Naivasha. Kasi imepungua na mizunguko haifiki ilipokuwa ikifika.

4. Gia ya mbele inaruka kwa mgongo wa chuma. Gia ya nyuma ni nzima.

Majibu: 1. Raba ya propela. Fanya jaribio la mtungi. 2. Propela inavuta hewa. Pima kimo cha bamba. 3. Hiyo si kuteleza. Ni mwinuko, tafuta propela ya hatua ndogo. 4. Meno ya gia ya mbele au fimbo ya gia. Anza na fimbo, kwa maana kuirekebisha hakuhitaji kufungua mguu wa injini.

Kata kurasa hizi uzihifadhi, au umpelekee jamaa aliye ziwani. Siku utakapokwenda kutazama injini ya kuuzwa, beba utepe wa kupimia, kitambaa cheupe, kalamu ya rangi na mtungi. Muuzaji asiyekubali uijaribu kwa vitu hivyo vinne, muage kwa heshima uendelee kutafuta.